Ufito Ulionipita Kimo

Sauti ninayoikumbuka mpaka leo ni ya miguu minne inayotua kama miwili. Pu, pu, pu, pu. Tuko kwenye barabara ya vumbi inayokatiza mashamba ya ngano, kwetu Basotu, jua halijachomoza na ukungu umelala juu ya ziwa. Baba yuko mbele, mimi nyuma yake, na kila anapoinua mguu mimi natua pale pale alipoutoa. Mtu aliyelala ndani kwake angedhani anapita mtu mmoja, tena mzito. Nilikuwa najisikia raha jamani! Mimi huyu, mfupi kama kinu, nimekuwa nusu ya mtu mkubwa.

Naandika haya mguu wangu ukiwa umeshapona kwa kadiri ulivyopona. Niliishia kidato cha pili, kwa hiyo usitegemee nikutajie mifupa kwa majina yake. Nakuandikia wewe binti unayekimbia, ambaye kuna mahali panauma ndani ya ugoko na hujamwambia mtu. Mimi pia sikumwambia mtu.

Nianze na matope. Udongo wetu ni mweusi, na mvua ikinyesha unanata mpaka kiatu kinabaki nyuma wewe ukiwa umeshaenda mbele. Ndiyo maana kwetu kila mtoto amekua akiambiwa, "Kanyaga ninapokanyaga." Aliyetangulia anatafuta penye kushika, wa nyuma wanafuata alama zake. Watoto wanakwenda shule hivyo, akina mama wanakwenda mnadani hivyo. Hata jeneza tunalisindikiza hivyo.

Baba yangu aliichukua desturi hiyo akaiingiza kwenye mbio. Ujana wake alikuwa mkimbiaji, ila hakuwahi kupata wa kumpeleka mbele zaidi ya mashindano ya wilaya. Basi ndoto yake akanihamishia mimi. Alikata ufito mnyoofu, urefu sawasawa na hatua yake anapokimbia, akawa anaulaza barabarani kati ya alama ya mguu wangu wa kushoto na ya kulia. Nikiwa sijafikisha, anagonga ardhi kwa kidole. "Bado, Paskalina. Fika hapa." Ufito ule nikiusimamisha ulinipita kichwa. Nilihangaika nao miaka miwili. Siku niliyofikisha, baba alikaa chini katikati ya barabara, suruali nzima ikajaa vumbi, akacheka peke yake kama mtu aliyepewa ng'ombe.

"Sasa una miguu yangu," akasema.

Baba aliugua tumbo, akafariki msimu wa kupanda, mvua zikiwa zimeanza. Sitasimulia ugonjwa wake, siwezi. Nitasema tu kwamba siku ya kumzika matope yalikuwa mengi, na mimi nilitembea nyuma ya waliombeba nikikanyaga walipokanyaga.

Wiki moja baada ya matanga kuisha nilirudi barabarani. Mbele yangu hapakuwa na mtu. Hapakuwa na alama. Nikabeba ule ufito mkononi, nikawa nakimbia kidogo, nasimama, naulaza, napima. Ukilingana nafurahi, usipolingana narudia. Mwenzangu, mimi nilikuwa namtunza baba kwa miguu. Niliamini kwamba siku hatua yangu itakapopungua, hata kwa upana wa vidole viwili, ndiyo siku atakayokuwa amekufa kabisa.

Maumivu yalianza kama kuwasha. Ni ndani ya ugoko wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, mahali padogo pa kufunika kwa kidole gumba. Asubuhi nikianza kukimbia panauma, nikipata moto panatulia, jioni panarudi na wenzake. Nikajiambia ni msiba huo, umeshukia mguuni. Nilikuwa nakula kidogo sana siku zile, chakula kilikuwa hakipiti. Siku zangu za mwezi nazo zikakatika, na mjinga mimi nikafurahi kwamba nimepunguziwa usumbufu. Nikawa napakaa mafuta ya kondoo, nakanda kwa jiwe la moto lililofungwa kwenye kitambaa. Usiniige. Nilikuwa nakanda mfupa ulioanza kupasuka.

Mama sikumwambia, kwa sababu mama alishatoa kauli. Alishusha viatu vya baba vya mbio kutoka ukutani, akaviweka kwenye gunia, akasema, "Mbio zimeisha na mwenye mbio." Ufito sikumruhusu aushushe. Baba aliuweka darini, juu ya mlango, na hapo ndipo nilipokuwa naurudisha kila nikitoka barabarani.

Lakini kulikuwa na uteuzi. Baada ya kombaini kumaliza kuvuna ngano, kocha wa kambi ya riadha angekuja kuchukua wasichana wawili. Wawili tu. Baba alikuwa ameusubiri uteuzi huo kwa ajili yangu kuliko mimi mwenyewe. Nikaona nikikosa hapo, nimemzika mara ya pili.

Tulikimbia kwenye mashina ya ngano iliyovunwa, mizunguko mingi. Nilikuwa wa pili mpaka mzunguko wa mwisho. Wenzangu wanasema walisikia kitu kikilia, kama bua la mahindi likivunjwa. Mimi sikukisikia. Nilikuwa nasikiliza miguu minne. Nilichoona ni anga, kisha mlima Hanang umelala ubavu, nikajiuliza mbona mlima umeanguka.

Hospitalini wakanifunga plasta ngumu kuanzia juu ya goti mpaka vidoleni. Daktari aliyetazama picha ya eksrei akauliza mguu umeuma tangu lini. Nikasema, tangu masika. Mama alikuwa amesimama karibu na dirisha. Akageuka akanitazama, na mtazamo huo tulikaa nao nyumbani majira mazima.

Kukaa na plasta msimu wa kiangazi ni kazi. Vumbi linaingia, panawasha, nikawa najikuna kwa bua la ngano mpaka mama akaninyang'anya. Alikuwa anateka maji peke yake, anakamua peke yake, anarudi ananikuta nimekaa kizingitini kama mgeni. Siku moja nilimwambia pole na kazi. Akaweka ndoo chini.

"Pole ya nini? Ulijua unaumwa."

"Nilijua, mama."

"Baba yako naye alijua. Alisema ni gesi. Miezi mitatu, gesi. Mnanificha mimi maumivu, halafu mnaniachia kazi ya kuwaosha."

Nikalia. Yeye hakulia. Akachukua ndoo akaingia ndani, na baadaye akaniletea ugali na maziwa ya mgando, akakaa karibu mpaka nikamaliza.

Plasta ilikatwa mvua za kwanza zilipodondoka. Niliogopa kile kimashine cha kukatia, lakini nilichokiona ndani kilinitisha zaidi. Mguu wangu! Ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu, vinyweleo virefu vyeusi, na paja limekwisha. Nililizungusha kwa viganja viwili, vidole vikakutana. Nilijaribu kuuambia mguu nyanyuka, ukanitazama tu. Nikacheka ili nisipige kelele.

Kuanzia hapo nilikuwa naenda kliniki ya mazoezi ya viungo kila Jumanne, napanda basi la asubuhi. Benchi la kusubiri lilikuwa refu, la mbao, limeng'aa kwa kukaliwa. Hapo ndipo nilipokutana na Mzee Tluway wa Bashay, aliyepooza upande mmoja na aliyekuwa anajifunza kutembea upya. Kila nikifika namwamkia, "Shikamoo babu," naye anajibu kwa nusu ya mdomo, "Marahaba, mwanariadha. Leo nakupita."

Ukumbi ulikuwa na urefu wa hatua thelathini hivi. Yeye na fimbo yake, mimi na magongo yangu. Tunaanzia mlango wa dawa tunaishia mlango wa kina mama wajawazito. Wale kina mama walikuwa wanatushangilia, wameshika matumbo. Majuma ya mwanzo alinipita kila mara, na si kwamba nilimwachia. Mara ya kwanza nilipomshinda niliona aibu, lakini yeye alinyoosha mkono wake ule mzima akanipa tunda la pera kutoka mfuko wa koti. "Medali," akasema.

Mtaalamu wetu aliitwa Zuhura, mwenyeji wa Tanga, ameletwa na serikali na baridi yetu haijamwelewa mpaka kesho. Alivaa masweta mawili chini ya koti jeupe. Nilimwita daktari, akakataa. "Mie si daktari, mwanangu, mie fundi wa viungo. Daktari anaunga mfupa, mie nauliza kwa nini ulivunjika."

Na aliuliza kweli. Aliuliza ninakula nini, ninalala vipi, viatu vimetembea muda gani. Aliuliza siku zangu. Nikamwambia bila wasiwasi kwamba hazijaja tangu msiba. Kalamu yake ikasimama. Akanieleza polepole kwamba mwili wenye njaa hufunga milango mmoja mmoja ili ubaki hai, na mifupa nayo hukosa chakula, kwa hiyo mimi nilikuwa nakimbia juu ya mfupa wenye njaa. Binti unayesoma, kama zako zimekatika na hujaolewa wala huna mimba, usifurahi. Nenda kaseme.

Nilikula. Uji wa ulezi, maharage, maziwa, mayai ambayo mama alikuwa anayauza. Baada ya Krismasi siku zangu zilirudi, nikaziona nikiwa chooni, na nakwambia ukweli, nilikaa humo nikasali.

Mzee Tluway alikosa Jumanne moja, kisha ya pili. Ya tatu nikamuuliza Zuhura. Akashika bega langu tu. Siku hiyo nilitembea ukumbi mzima bila magongo, kwa mara ya kwanza, na hakuna mtu aliyenipita.

Ilipofika mwezi wa tatu daktari alitazama picha akasema mfupa umeshika, ninaweza kujaribu kukimbia. Mama aliposikia akafunga kitenge chake vizuri. "Basi nakuja nawe. Nataka nimsikie mwenyewe huyo anayekurudisha barabarani." Nilijua anakwenda kugomba.

Zuhura hakuwa na mashine ya kupimia mwendo. Alitupeleka uani, nyuma ya mahali wanapoanika mashuka, kwenye kinjia cha udongo kando ya ua. Akaleta stendi ya kutundikia dripu, akaifungia simu yake kwa bandeji, ikatazama njia ili inirekodi. Akanibandika vipande vya plasta nyonga, goti na kifundo, pande zote mbili. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, amefunga, midomo imekauka, lakini aliimba akibandika.

"Haya, kimbia kama unavyokimbia siku zote. Usinipendezee."

Nikakimbia. Kwenda na kurudi, polepole. Akanichukua kwa ubavu, akahamisha stendi akanichukua kwa nyuma. Akahesabu hatua zangu kwa dakika nzima, akaandika. Kisha akaniambia nisimame, akairudisha ile picha, akaiendesha taratibu sana, mpaka mguu wangu ukawa unaelea hewani kama jani. Mama alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani.

"Mama, sogea uone," Zuhura akamwambia.

Mama akasogea, uso umekunjwa, tayari kwa ugomvi. Akatazama. Nikaona mkono wake unapanda polepole mpaka mdomoni.

"Isimamishe hapo," akasema.

Zuhura akaisimamisha.

"Huyu si mwanangu." Sauti ya mama ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia. "Huyu ni mume wangu. Tazama anavyotupa mguu. Tazama bega. Paskalina, huyu ni baba yako."

Mashuka yalikuwa yanapigwa na upepo.

"Alikuwa mrefu?" Zuhura akauliza.

"Akiingia ndani anainama."

"Basi mama, mwanao anakimbia kwa miguu ya mtu anayeinama mlangoni." Akaweka kidole kwenye kioo. "Ona, mguu unatua mbali mbele ya mwili. Goti limenyooka, kisigino kinachimba. Kila hatua anapiga breki. Hatua mia moja na hamsini na kitu kwa dakika, breki mia moja na hamsini. Mguu wa kushoto ndio unaobeba zaidi, nyonga inaanguka. Na hapa," akagusa ugoko kwenye picha, "ndipo yote yanapoishia. Nani alikufundisha, mwanangu?"

Nikamweleza juu ya kukanyaga anapokanyaga. Nikamweleza juu ya ufito. Nilitarajia acheke. Hakucheka. Aliniuliza, "Ufito huo unakupita kimo?" Nikasema unanipita kichwa. Akafuta macho kwa mkono wa sweta.

"Baba yako alikupenda," akasema. "Lakini hakukupima wewe. Alijipima yeye."

Nilikasirika, nisikufiche. Nilitaka kuvibandua vile vipande vya plasta nimtupie. Mtu ametoka Tanga na masweta mawili, anamjua wapi baba yangu? Akasema sitarudi kukimbia hivyo. Nikirudi hivyo mfupa utavunjika tena, na safari hiyo huenda usiunge. Nifupishe hatua, niongeze idadi, nitue chini ya mwili wangu mwenyewe. Nikamjibu vibaya. Nikasema bora nisikimbie kabisa.

Mama ndiye aliyesema. "Utakimbia."

Nikamgeukia. Mama aliyeshusha viatu!

"Utakimbia, ila kwa miguu niliyokuzaa nayo. Hii mifupi. Hii ni yangu." Kisha akamgeukia Zuhura kwa unyenyekevu, kama mtu aliyekuja kuomba maji. "Mwanangu, hiyo picha usiifute. Naomba uniwekee kwenye simu yangu."

Akatoa simu yake ya vitufe, imefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Zuhura akaitazama ile simu, akamtazama mama, na sote tukaangua kicheko, machozi yanatoka, hata sijui yalikuwa ya kipi.

"Hii haichezi picha, mama. Nitakutunzia kwenye yangu. Kila kliniki uje, nitakuonyesha."

Na kweli alikuja. Kila Jumanne, na chupa ya maziwa ya Zuhura ya kufungulia. Mimi nafanya mazoezi, yeye amekaa benchi mahali pa Mzee Tluway, anamtazama mumewe akipita mbele ya mashuka.

Kubadilisha mwendo kulinichukua majuma mengi. Zuhura alikuwa anapiga makofi ya haraka, mimi natua kwenye makofi. "Pole pole mbele, haraka chini! Usiufuate mguu, ukalie, utue chini yako!" Nilijiona kama mbuzi anayevuka lami. Kisha asubuhi moja mwili ulishika wenyewe. Goti likalegea, mguu ukatua chini yangu, ugoko ukakaa kimya. Niliposikiliza, sauti ilikuwa nyingine. Ti, ti, ti, ti, nyepesi, kama mvua inayoanza juu ya bati. Miguu miwili tu. Nilisimama katikati ya kinjia nikalia kwa sauti, na Zuhura akaacha kupiga makofi, akaniacha nilie mpaka mwisho.

Kambi ilishachukua wasichana wake wawili. Niliwaona siku wanaondoka, wamevaa sare, nikawapungia mkono na nilimaanisha. Kocha alinitumia salamu kwamba nikipona nijaribu tena. Zuhura ananiambia nisiahidiwe na mtu wala nisijiahidi. Kwa sasa nakimbia dakika tatu, natembea mbili, mara nne, basi. Baridi ikizidi ugoko unanikumbusha. Bado naota, siwezi kuacha kuota, ndivyo nilivyo. Ila nikiota sasa barabara ni tupu.

Jumapili ya juzi mama alikwenda misa ya kwanza. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Nikapanda juu ya kigoda, nikashusha ufito kutoka darini, nikaenda nao barabarani peke yangu. Niliulaza pembeni, nikakimbia dakika zangu tatu kwenye matope, nikarudi nikasimama juu ya alama zangu. Zilikuwa nyingi, zimekaribiana, hakuna nyingine chini yake. Nikaulaza ufito kati ya mguu wa kushoto na wa kulia. Ulizidi shubiri na vidole vinne.

Nilikuwa nimekuja na kisu. Nilikuwa nimekusudia kuukata.

Nikachuchumaa hapo muda mrefu, ufito umelala magotini. Kisha nikachora mstari mahali hatua yangu inapoishia, nikauchimba mpaka mti mweupe ukaonekana. Sikukata. Nikausimamisha. Ncha ya baba ilinipita kichwa kama zamani. Alama yangu ilifika kidevuni.

Nikaufuta matope kwa kanga, nikaenda kuurudisha juu ya mlango, nikanawa miguu, nikawasha moto wa uji wa mama.